Kiti cha Mrushaji

Mzee niliyemtunza kule Annandale, Marekani, alikuwa na vidole vilivyopinda kila kimoja upande wake, kama tangawizi. Mipira ndiyo iliyomfanya hivyo. Alikuwa mchezaji wa besiboli, wala si mchezaji hivi hivi: hata yeye mwenyewe aliposahau umaarufu wake, watu wazima walikuwa bado wanamsimamisha dukani, machozi yakiwalengalenga, wanataka kumshika mkono tu. Kazi yake ilikuwa kudaka. Ujana wake wote aliupitisha amechuchumaa nyuma ya mpigaji, akimwelekeza mrushaji kwa vidole, kwa siri, katikati ya mapaja: rusha wa kasi, rusha wa kupinda. Mambo yakiharibika alisimama, akamwendea mrushaji wake, akaziba mdomo kwa glavu ili wapinzani wasisome midomo, wakanong'onezana. Haya nilielezwa na binti yake. Mimi natoka bara, kwetu tulikimbia mbio; mpira wa kugongwa kwa rungu niliuona kichekesho.

Mrushaji huyo, rafiki yake wa kufa na kuzikana, alikuwa ameshazikwa kabla mimi sijafika Marekani. Lakini kila siku baada ya chakula cha mchana mzee aliketi sebuleni, akakitazama kiti cha mbao kilichokuwa upande wa pili, karibu na dirisha, na vidole vyake vikaanza kucheza katikati ya mapaja. Kimoja. Viwili. Anangoja. Anatikisa kichwa, anabadilisha. Nikifagia karibu na kile kiti nilijikuta nasema "samahani", nami si mtu wa kuomba msamaha ovyo.

Niliogopa, sitaficha. Lakini alikuwa akila vizuri, na mgonjwa anayekula mimi simwulizi anakula na nani.

Mwenzangu wa wikendi, mama mmoja Mkenya aliyekuja kazini kutoka Landover na chupa yake ya mafuta ya maombi, hakuwa na moyo huo. Jumatatu moja nilifika nikakuta kiti hakipo. Nikampigia simu.

"Nimekipeleka garage," akasema. "Nika-pray, nikapaka mafuta kila mlango. Hiyo kitu haikuwa ya Mungu, dadangu."

"Na mzee amekula?"

"Amekataa. Ni hiyo spirit inatoka, inam-fight. Wacha tu, atakula."

Hakula. Siku ile hakula, na iliyofuata hakula. Aliketi akiutazama ukuta, mikono imelala mapajani, na kijiko nilichompelekea mdomoni kilirudi na supu yake. Binti yake akaja mbio kutoka ofisini kwake Arlington. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtoto wa pekee, na alichokitaka alikuwa ameniambia zamani bila kuona haya: baba amwite kwa jina, mara moja tu, kabla hajafa. Utotoni hakumpata, maana kila msimu baba alikuwa safarini na mrushaji wake. Sasa baba alikuwa nyumbani mchana kutwa, na alimwita binti yake "nesi", kama alivyoniita mimi. Asipokula, hata nafasi hiyo ndogo ingepotea.

Nilikwenda gereji nikakibeba kile kiti, kinanuka mafuta, kizito kuliko mbao zake. Nikakirudisha palepale dirishani. Hapo binti akafanya jambo ambalo mimi nisingethubutu. Alikikalia.

"Labda akiniona hapa," akasema.

Mzee akainua kichwa. Vidole havikucheza. Akashika mikono ya kiti chake, akasimama, yeye ambaye tulikuwa tukimnyanyua. Akalivuka zulia mpaka mbele ya binti yake, akaziba mdomo kwa kiganja cha kushoto. Hakumtazama. Macho yake yalipita juu ya kichwa cha binti, yakatua pale ambapo uso wa mtu mrefu ungekuwa.

"Ni nani huyu aliyekukalia?" akauliza kwa upole.

Binti akaganda.

Mzee alingoja jibu. Alisikiliza jinsi mtu anavyosikiliza simu, akiitikia kwa kichwa, na mara moja akacheka kidogo. Mbao za kiti zikalia, ilhali binti alikuwa hata hapumui. Kisha mzee akashusha kiganja, akainamisha macho, akamtazama binti yake usoni na kumwita kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia katika nyumba ile.

"Mbona hukuniambia ni wewe?" akasema.

Binti alilia mpaka nikamshika asianguke. Alipoweza kusimama alikigeukia kile kiti, akakishukuru kwa sauti, kisha akapiga magoti kando ya baba yake. Nikamrudisha mzee mahali pake, nikamlisha supu yote, kijiko kwa kijiko, akila huku ameshika mkono wa mwanawe. Nilimlisha nimesimama. Kiti kilichobaki, kile cha dirishani, kilikuwa na mwenyewe.