Akiba ya Mshono Kwenye Gitaa

Fundi aliipiga meza teke, na meza, ambayo haikuwa na kosa lolote, ikamlipa kwa kumuumiza kidole gumba. Juu yake gitaa la umeme lilikuwa limelala chali katikati ya vipande vya vitambaa, nyaya nje. Ilikuwa Jumatano, saa tano asubuhi, na tayari alishalitukana mara nne.

Kwa kazi alikuwa fundi cherehani, tena mwenye jina: suruali yake ikikukaa, imekukaa. Kwa moyo alikuwa mpiga gitaa, na gitaa lenyewe ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote siku aliyolinunua, la mbao nyepesi na rangi nyekundu ya kujionyesha. Kwa miaka sita lilimtia aibu. Lilikoroma, lililegeza nyuzi katikati ya wimbo, na ukigusa waya vibaya lilizira kabisa.

Jumamosi bintiye, kitinda mimba wake, angeimba mbele ya watu watakaokuja kumsikia yeye. Nafasi ya mpiga gitaa ilikuwa bado wazi. "Baba, jioni nakuja tujaribu," alikuwa amemwambia kwa simu. "Gitaa likikaa sawa tunapiga wote. Lisipokaa, namchukua yule mwenzangu wa studio. Usinielewe vibaya."

Hakumwelewa vibaya. Alimwelewa vizuri mno, na ndiyo maana tangu alfajiri hakuwa amegusa cherehani.

Vifaa vipya alivikusanya kimoja kimoja kwa mwaka mzima. Funguo za kukazia nyuzi ziliingia bila ubishi. Pikapu, zile sumaku zinazodaka sauti ya nyuzi, aliziunga nyaya kinyume, gitaa likawa bubu, akafumua akaunga upya. Likabaki daraja, chuma kizito cha kushikia nyuzi tumboni mwa gitaa. Matundu ya zamani hayakulingana nalo, kwa hiyo ilibidi atoboe mapya. Akapima, akatoboa, akafunga nyuzi. Zikiachwa wazi zililia vizuri. Akibana vidole kule juu ya shingo, kila sauti ilishuka, na hakuna skrubu iliyoweza kuipandisha.

"Wameniuzia takataka!" alifoka.

Mkewe, muuguzi aliyekuwa mapumzikoni siku hiyo, akaja na kikombe chake cha chai. Akachukua utepe wa kupimia. Akapima kutoka mwanzo wa nyuzi hadi chuma cha kumi na mbili kati ya vile vyembamba vilivyopangwa shingoni, akazidisha mara mbili kama kijikaratasi cha dukani kilivyoelekeza, kisha akapima hadi kwenye daraja.

"Mume wangu, hapa pamezidi upana wa kidole. Umeacha akiba ya mshono?"

Fundi akautazama mkono wake wa kulia. Kwa miaka thelathini mkono wake ulikuwa ukiongeza kidole kimoja kwenye kila kipimo bila kuomba ruhusa kwa kichwa. Nguo ikipwaya, unaibana; mwenyewe akinenepa, unaiachia.

"Niambie tu," mkewe akasema, "gitaa litanenepa?"

"Ondoka hapa."

Hakuondoka. Waliziba matundu kwa vijiti vya meno na gundi ya mbao, wakasubiri ikauke, Fundi akizunguka chumba na kuuliza kila baada ya dakika mbili kama imekauka. Safari hii mkewe ndiye aliyepima na kutia alama. Fundi aliruhusiwa kushika drili tu.

Binti alifika saa kumi na mbili jioni. Fundi akawasha spika, akapiga, na sauti ikatoka safi, haina mkoromo hata chembe. Mkewe akapiga makofi. Wakaanza wimbo. Binti akasimama kwenye ubeti wa pili. Wakaanza tena, akasimama palepale.

"Nini tena? Skrubu gani?"

"Gitaa halina shida, Baba."

"Basi ni hii spika."

"Baba, unawahi. Kila ubeti unafika kabla yangu. Zamani ile kelele ilikuwa inaficha, na mimi nilikuwa nakukimbilia tu."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kuimba."

Hasira ikampanda, ikakosa pa kutua. Alitazama daraja, akatazama funguo, akatazama waya. Vyote vilikuwa vizima, na hakuna hata kimoja alichoweza kukisingizia. Iliuma kuliko kidole gumba.

"Sasa nimpigie mwenzangu?" binti akauliza taratibu.

"Ngoja." Fundi alilitoa gitaa begani, akaliweka mezani, akakaa kwenye kiti cha cherehani. "Imba peke yako kwanza. Mimi sigusi kitu."

Binti akaimba. Fundi akamsikiliza tangu neno la kwanza hadi la mwisho, jambo ambalo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kulifanya.