Bilauri ya Melania

Melania alizaliwa katika kijiji cha Didia, na mama yake alifariki kabla mtoto hajajua kumwita. Baba yake, Masele, alikuwa mchimbaji katika machimbo ya dhahabu huko Geita, na kambi ya wachimbaji haikuwa mahali pa kulea mtoto mchanga. Akamkabidhi kwa dada yake, Apolonia, pamoja na ng'ombe wa maziwa.

"Dada, ng'ombe huyu ni wa mtoto," alisema. "Anywe yeye kwanza, kitakachobaki ni chenu."

Melania alimwita shangazi yake mayu, kama watoto wa Kisukuma wanavyowaita mama zao. Safari moja Masele alipokuja likizo alimletea bilauri ya kioo, ndefu na nyembamba. Tangu hapo, kila jioni Apolonia alimmiminia maziwa humo mpaka juu. Paskalina, binti wa Apolonia aliyemzidi Melania umri, alitiliwa yake katika bakuli pana la mti, na hayakufika hata nusu ya bakuli.

"Umeona nani anapendwa humu ndani?" Apolonia alikuwa akimwambia Melania.

Melania aliona. Katika umri ule jicho ndilo lililomwamulia kila kitu: kirefu ni kingi, kifupi ni kidogo. Alimwonea Paskalina huruma. Baadhi ya jioni alimbakizia funda la mwisho, na Paskalina alipokea, akanywa.

Meno ya utoto yalipoanza kumtoka, Melania alipewa kazi ya kuosha vyombo. Siku moja, katika kuchezea maji, aliijaza bilauri yake akaimimina katika bakuli la Paskalina. Maji yalifunika kitako tu. Akadhani mengine ameyamwaga njiani, akarudia. Kisha akafanya kinyume: akatia maji bakulini mpaka pale maziwa ya Paskalina yalipozoea kufika, akayamimina kwenye bilauri. Bilauri ikajaa, ikafurika, ikamlowesha miguu, na bakulini maji bado yamo.

Akakaa chini. Mwaka uliotangulia angeyacheka maji yale yanavyopanda na kushuka. Sasa kichwa chake kiliweza kuyarudisha yalikotoka na kuyapima bila hata kuyagusa. Na kilipokwisha kuyarudisha maji, kikazirudisha na zile jioni zote.

Alimfuata Paskalina, aliyekuwa akipepeta mtama nyuma ya nyumba.

"Ulijua?"

"Nilijua zamani," Paskalina alijibu bila kuinua uso. "Mama alisema wewe bado mdogo, unaangalia urefu tu. Akanikataza nisikwambie."

"Na lile funda nililokuwa nakubakizia?"

Paskalina aliendelea kupepeta.

Jioni ile Melania aliisukuma bilauri kando. "Nitilie kwenye bakuli, mayu."

Apolonia alimtazama, kisha akacheka kidogo. "Kumbe umekua," alisema. Akamletea bakuli. Maziwa yalikuwa yaleyale machache, ila sasa hakujisumbua kuyaficha.

Melania alimngoja baba yake. Masele alipokuja, alimweleza yote, mwanzo hadi mwisho. Baba alicheka mpaka akashika mbavu.

"Shangazi yako alinisimulia zamani! Lakini ulikuwa ukifurahi, mwanangu. Mtoto anayefurahi amedhulumiwa nini?"

Kumbe na baba alijua. Tangu siku hiyo Melania hakumwita tena Apolonia mayu.

Alipokaribia kuvunja ungo ndipo akili yake ilipoanza kwenda mbali zaidi, kwenye mambo yasiyoonekana wala kumiminika. Alijiuliza Apolonia aliwaza nini alipokuwa akitabasamu. Alijiuliza ingekuwaje kama angeambiwa tu kwamba maziwa hayatoshi. Angekubali. Hilo ndilo lililomkaa rohoni.

Aliolewa na Donatus, fundi cherehani, wakapanga nyumba mjini, mtaa wa Ngokolo. Mtoto wao wa kwanza alikuwa anatambaa Apolonia alipofika, mgonjwa wa kifua, akienda kutibiwa hospitali ya Kolandoto. Melania alimpokea, akamtandikia kitanda, akampikia uji wa ulezi kila asubuhi.

"Mwanangu," Apolonia alimwuliza siku moja, kikombe mkononi, "bado una kinyongo cha yale maziwa?"

"Maziwa yalikwisha, shangazi. Nilikuwa najivunia kupendwa nawe mbele ya mwanao wa kumzaa. Nilikuwa namhurumia yeye. Na nyote mlikuwa mnanitazama."

Apolonia alikoroga uji wake, akatazama mlangoni.

Apolonia alipopata nafuu, Melania alimsindikiza mpaka kwenye lori la Didia, akampakilia mzigo, akampangusia mahali pa kukaa.

"Kwaheri, shangazi. Safari njema."

"Asante. Utakuja kututazama?"

"Nikipata nafasi."

Hakungoja lori liondoke. Alikuwa amemwacha mtoto kwa jirani, na jua lilikuwa limekwisha kuwa kali.