Mmea wa Herufi Sita

Mjukuu wangu aliletwa kwetu Kibiti akiwa amefungwa hogo la plasta mguu wa kulia, kuanzia vidoleni hadi juu ya goti. Alikuwa ameanguka na bodaboda Dar es Salaam, wiki chache baada ya kumaliza kidato cha sita. Mama yake, ambaye ni binti yangu wa pili, anashinda kazini, na nyumba yao iko ghorofa ya tatu. Akanipigia simu akasema, "Mama, nakuletea mke mwenzio akae nawe mpaka afunguliwe." Nilimshukuru Mungu kwa mguu ule, kisha nikamwomba msamaha kwa kushukuru.

Alikuja na magongo mawili, begi la nguo na kompyuta. Siku za mwanzo alizungumza nami kwa adabu na kwa uchache, kama mtu aliyefikia kwa jamaa asiowajua vizuri. Lakini ikifika baada ya alasiri alivaa hedifoni na kufungua mchezo wake, na hapo akawa mtu mwingine. Alicheka, alibishana, aliamrisha. Mimi nilimsikia kutoka uani nikipepeta mchele. Babu yake akipita barazani husema, "Mke wangu mdogo anagombana na nani huyo? Mbona mimi hanigombezi hivyo?"

Aliokuwa akigombana nao walikuwa wenzake wanne aliosoma nao tangu kidato cha kwanza. Shule ilipokwisha walitawanyika, na hospitalini walimtembelea mara moja tu. Binti yangu aliniambia, "Ukimwona kwenye kompyuta, Mama, mwache. Pale ndipo alipobaki na watu."

Kwa hiyo nilimwacha. Siku moja tu nilimpelekea vitumbua, nikatupa jicho kwenye kioo, nikaona mtu mzima hana nguo.

"Astaghfirullah! Mvalishe huyo!"

"Bibi, kila mtu anaanza hivyo. Unaamka ufukweni huna kitu, una jiwe tu mkononi. Wanyama wanakutaka, watu wanakutaka, njaa inakutaka. Ukitaka nguo, ulime."

"Ulime nguo?"

"Kuna mmea wa nyuzi. Unauvuna, unapata kitambaa. Kwenye kundi letu mkulima ni mimi."

Nilikuwa nimelima mpunga miaka zaidi ya arobaini, kwanza kule Maparoni, mto unapoingia baharini, tulikokuwa tunategemea maji baridi ya mto yapandishwe mashambani na bamvua, bahari inapojaa sana, kisha huku bara. Neno hilo, mkulima ni mimi, kulisikia kwa mtoto wa ghorofani kulinifurahisha. Nikavuta mkeka, nikakaa.

Alinieleza kuwa katika mchezo ule kila mche una herufi sita, zimepangwa mstari mmoja, nazo ndizo nasaba yake. G ni ya kukua upesi. Y ni ya kuzaa sana. H ni ya kuvumilia baridi na ukame. Hizo ndizo njema. Kisha kuna W, ambayo kazi yake ni kunywa maji tu, na X, ambayo haina kazi yoyote, imekaa. Mbegu ya kuokota porini huja na herufi zilizochanganyika. Kazi ya mkulima ni kulea vizazi mpaka apate mche wenye herufi sita njema, kisha aukate vipandikizi, maana kipandikizi hurithi herufi za mama yake zote bila kupungua.

"Sasa unazileaje?" nikauliza.

Akanionyesha kasha la udongo lenye matundu tisa. Mche wa katikati, ukifika umri fulani, huwatazama majirani zake na kuiga. Huiga nafasi kwa nafasi. Majirani wakiwa na Y nafasi ya pili, mche huo nao huchukua Y nafasi ya pili. Lakini herufi mbaya ina uzito kuliko njema. Jirani mmoja mbaya humshinda jirani mmoja mwema, na ili wema washinde, lazima wawe wawili.

"Kwa nini mbaya ipewe nguvu zaidi?"

"Ndivyo walivyotengeneza, Bibi."

"Basi aliyetengeneza amewahi kufundisha watoto."

Alicheka mpaka akashika mguu wake. Tangu siku ile nikawa nakaa naye kila baada ya alasiri, yeye akicheza na mimi nikiandika herufi za miche kwenye daftari. Nilimwambia kwamba hata sisi Maparoni hatukula kila kilichoota. Mwaka ambao maji ya chumvi yaliingia mashambani na mpunga ukaungua, mama yangu alipita katikati ya makavu akakata masuke machache yaliyosimama, akayafunga kitambaa cheupe. Hayo ndiyo yaliyokuwa mbegu yetu mwaka uliofuata. Mjukuu wangu alisimamisha mchezo ili anisikilize. Akauliza, "Kwa hiyo ile ilikuwa H?" Nikasema ndiyo, ilikuwa H.

Sasa, kundi lao lilikuwa na nafasi tano tu, na kiongozi wao, kijana mwenye sauti nzito kuliko umri wake, alipanga safari ya kwenda nchi ya theluji ndani ya mchezo huo. Bila nguo nene za watu watano wangekufa kwa baridi. Alimwambia mjukuu wangu kuwa ikifika Ijumaa awe na mche wenye herufi sita njema, ili wapate kitambaa cha kutosha na waache vipandikizi vikizaa nyuma yao. Kama hawezi, kuna mtu mwingine anakijua kilimo vizuri na anaiomba ile nafasi. Alisema kwa upole, lakini alisema. Nilimwona mjukuu wangu akivua hedifoni na kutazama ukuta.

Jumatatu asubuhi alikuwa na miadi hospitali kutazamwa mguu. Mche wa katikati ulikuwa umebakiza herufi moja tu, na maji ya kasha hayakutakiwa kukauka. Alinifundisha kutembea kutoka tangi hadi kwenye kasha, kumwaga maji na kufungua milango. Akaniachia kipaza sauti kikiwa wazi, kwa kuwa hakukumbuka kukizima. Habari ya nani wa kumfungulia mlango hakunieleza, maana kwao ni jambo lisilohitaji kusemwa.

Wakaondoka na babu yake. Nikamwagilia. Nikasoma uradi wangu. Nikasikia mtu nje ya ile nyumba ya mchezo, sauti ya kijana, Kiswahili safi.

"Hodi!"

Nikanyamaza.

"Hodi humu ndani!"

Nimefundisha watoto Kurani chuoni tangu nikiwa msichana, na katika adabu za mwanzo kabisa ninazofundisha ni hii: mgeni hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa anarudi zake wala hakasiriki. Na mwenye nyumba aliyepo, anayesikia, hakai kimya mgeni akaondoka na unyonge. Nilijiambia ni mchezo. Lakini ulimi wangu haukujua kama ni mchezo.

"Hodi jamani, wenyewe!"

"Karibu, baba," nikasema, nikafungua.

Waliingia watatu. Wa kwanza aliniua palepale. Kioo kikawa cheusi, lakini sauti nilizisikia. Walipekua masanduku, waking'oa miche, na mmoja akasema, "Oya, ni bibi kweli, wallahi!" Mwingine akacheka na kusema, "Asante, Bibi, Mungu akuzidishie."

Nilikaa pale nikiwa na tasbihi mkononi, aibu imenijaa kama nimevunja sahani za watu.

Mjukuu wangu aliporudi nilimweleza mlangoni, kabla hajakaa. Alifungua kompyuta, akazunguka nyumba ile tupu, akatazama kasha. Matundu tisa, udongo mtupu. Herufi ziko ndani ya mche. Aliyechukua mche ameondoka na vizazi vyote.

"Si kitu, Bibi," akasema. Macho yake yalisema ni kitu.

Baada ya alasiri wenzake wakaingia. Aliacha sauti zitoke kwenye spika, nami nilikuwa pembeni yake nikasikia yote.

"Nani kafungua huu mlango?" aliuliza kiongozi.

Mjukuu wangu akavuta pumzi. "Umeme ulikatika. Niliuacha wazi, sikuwahi kufunga. Kosa langu."

Nikamgusa bega. Akatikisa kichwa, akafunika kipaza sauti kwa kiganja. "Bibi, niache. Wakijua nilimwachia mtu mwingine nyumba, ndiyo basi."

"Sitaki uongo juu ya kichwa changu, mke mwenzangu. Hata wa mchezo. Toa mkono."

Akautoa.

"Wanangu," nikasema, "umeme haukukatika. Mlango nimefungua mimi. Mimi ni bibi yake."

Kisha sauti nne, moja baada ya nyingine, zenye haraka na hofu: "Shikamoo, Bibi." "Shikamoo." "Shikamoo, Bibi." "Shikamoo."

"Marahaba. Nawaombeni radhi. Nimewatia hasara."

"Sasa, Bibi..." kiongozi alikohoa. "Walikudanganya nini mpaka ukafungua?"

"Walipiga hodi."

"Walipiga nini?"

"Hodi. Mara tatu."

Msichana mmoja aliangua kicheko. "Jamani, walipiga hodi! Mimi nawavunjia watu milango kwa baruti, kumbe ningepiga hodi!"

"Bibi," kiongozi akasema, akijizuia, "humu hakuna hodi."

"Basi humu mna majambazi na mimi. Nitalipa kwa kulima."

Wakacheka wote, hata yeye. Lakini kicheko kilipokwisha alisema, akimwambia mjukuu wangu si mimi, "Sikiliza. Ijumaa ni ileile. Ulitakiwa kuniambia ukweli mwenyewe." Naye akajibu kwa sauti ndogo, "Najua."

Tulianza upya. Mjukuu wangu alitembea kando ya mto wa mchezo akiokota mbegu za porini, mimi nikiandika. Alikuwa na haraka. Kila mche wenye W au X aliung'oa akautupa, na kila alipotupa tulibaki na michache, hata siku mbili zikaisha tukiwa hatujapata cha maana.

Siku ya tatu nilimwomba asitupe. Chuoni kwangu, tukisoma sura kwa pamoja, hakuna mwanafunzi aliyeihifadhi yote bila kukwama. Huyu hukwama aya ya tatu, yule ya kumi. Nikiwaweka pamoja wanaokwama mahali pamoja, darasa zima linasimama pale. Lakini nikiwachanganya, kila anayenyamaza kuna wawili wanaoendelea, na sura inasomwa mpaka mwisho, na yule aliyekwama anajifunza kwa kuwasikia.

"Tazama daftari," nikamwambia. "Huyu ana W nafasi ya kwanza tu. Huyu ana X ya nne tu. Huyu W ya sita. Hawa hawakosei mahali pamoja. Wazungushe."

Alipitisha kidole kwenye mistari yangu. Midomo yake ilikuwa ikihesabu. "Kila nafasi," akasema polepole, "mbaya anakuwa mmoja tu, na wema wanamshinda." Akanitazama. "Bibi, mie nilikuwa natafuta miche isiyo na kosa."

"Utaitafuta sana."

Tukawapanga kuuzunguka mche wa katikati. Alhamisi herufi nne zilikuwa njema. Ijumaa, babu yake akiwa msikitini, zikawa tano. Tulipanga tena majirani, tukamwagilia, tukangoja. Nafasi ya mwisho ilibaki X. Tulijaribu mara nyingine, ikabaki X. Tulikuwa hatujapata mbegu za kutosha zenye wema mahali pale, na muda umekwisha.

Wenzake waliingia. Mjukuu wangu angeweza kusema mche haujakomaa, waje kesho. Mimi ningejua, wao wasingejua.

"Ni tano," akasema. "Ya sita ni X. Nimejaribu, sijaipata. Kama unamtaka yule mwingine, nitamwachia daftari ajue pa kuanzia."

Kwenye kioo nilimwona mtu wa kiongozi akiingia, akiinama juu ya kasha, akipita mche mmoja mmoja. Alikaa pale muda ambao ningeweza kusali rakaa mbili.

"Hii yote umeilea tangu Jumatatu?"

"Mimi na bibi."

"Kutoka porini?"

"Kutoka porini."

"Yule mwingine nilimuuliza jana," akasema. "Aliniambia kutoka porini anahitaji wiki mbili." Akaugeukia tena ule mche. "Hiyo X inakula kitu?"

"Haina kazi. Imekaa tu."

"Basi ikae. Kata vipandikizi, tupande, tuvune, tuvae twende. Na wewe unakuja, usifikiri utabaki nyumbani kulea majani. Nani atatulimia huko?"

Mjukuu wangu alifunika uso kwa viganja vyote viwili. Alipoviondoa alikuwa tayari anabisha, kwa sauti kubwa, kwamba kule kwenye theluji hapalimiki bila taa na kwamba aliwaambia hilo tangu mwanzo na hakuna aliyemsikiliza. Yule msichana wa baruti akamjibu, kiongozi akawakatiza, wote watano wakawa wanaongea kwa pamoja.

Sikuelewa hata nusu. Nilichukua sahani ya vitumbua iliyokuwa tupu, nikasema alhamdulillah, nikatoka uani kuanua mpunga.