Spea ya Kukufikisha Tu

Ukungu ulikuwa bado umeifunika foleni ya malori pale Tunduma, asubuhi ya juzi, nami nikisubiri kuzibiwa pancha kwa muuza matairi, gari la umeme lilipoingia pale bila sauti, kama kitu cha ndotoni. Muuzaji aligeuka likiwa tayari ubavuni mwake.

"Halikuja na tairi ya spea," alisema dada aliyeliendesha. "Naenda Ileje kumchukua mama. Naomba ile nyembamba, buti libaki na nafasi ya mizigo yake."

Muuzaji akaleta moja, akahesabu matundu ya nati, akapiga jeki na kuifunga mbele kuijaribu. Akaizungusha kwa kiganja. Ikakwaruza.

"Inagusa breki," dada akasema.

Akaleta nyingine, nyembamba vilevile ila rimu yake kubwa zaidi. Akasoma ubavuni kama itaubeba uzito wa gari, akaifunga, akaizungusha. Sote watatu tukainama kusikiliza. Ilizunguka kimya, muda mrefu, hata nikasahau pancha iliyonipeleka pale.

"Hii imekubali," muuzaji akasema. "Ila usikimbie nayo, dada. Ni ya kukufikisha kwa fundi, siyo ya kuishi nayo."

"Kwani kuna watu wanaishi nayo?"

Akayatazama malori. "Hapa Tunduma? Wanasema ni ya wiki hii tu. Halafu wanazoea."

Akalirudisha gurudumu la gari, spea akaiweka kwenye buti. Gari likaondoka, ukungu ukalimeza.

Nami nilikuja mji huu kwa muda tu, kusubiri mzigo uvuke mpaka. Wanangu wote wamezaliwa hapa.