Nafasi ya Pumzi

Shangazi yangu wa Chwaka hatungi shairi bila ya kipumziko katikati ya kila mshororo. Nusu ya kwanza, nafasi, kisha nusu ya pili. Marehemu baba yangu, kaka yake, ndiye aliyekuwa akimjibu: shangazi anatoa nusu ya kwanza, baba anatia ya pili, nyumba nzima inacheka. Safari hii mjukuu wake anaolewa, na ilimbidi alisome shairi peke yake mbele ya wanawake, kwa mara ya kwanza. Aliogopa, ingawa hakukiri.

Mimi napanga vitabu hapa Mji Mkongwe. Mashairi yake nayaweka katika faili la XML, kila kipande na alama yake, kisha naandika mtindo wa kuiambia programu iligeuzeje faili liwe ukurasa. Kwenye kompyuta yangu ukurasa ulitoka umependeza kama bi harusi. Duka la chapa la Darajani lina programu nyingine. Faili lile lile, mtindo ule ule, na kila nafasi ikamezwa: "Leo ni siku ya shaniharusi imo nyumbani."

Shangazi alipelekewa nakala, akaisoma kwa sauti, akafika ubeti wa pili yu hoi. Akanipigia simu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, hapa nnasoma au nnakimbizwa?"

"Ile programu ya dukani, shangazi, ndiyo—"

"Miye siijui hiyo. Nirejeshee pumzi zangu."

Nilikasirika. Programu gani hii, ikiona mahali patupu hudhani ni taka za kufagiwa? Nikaiamuru ipange mistari yenyewe, nikaruka majivu nikakanyaga moto: sasa kila nusu ikaanguka kwenye mstari wake, shairi likawa refu kama orodha ya sokoni.

Mwisho nikaacha kuutegemea utupu. Nikaifuta amri ile ya kupanga mistari, na penye kila kipumziko nikatia alama yake, nikaiita "pumzi". Katika mtindo nikaagiza: ukifika hapa, andika nafasi. Programu zote mbili zikatii. Nilipiga kigelegele peke yangu ofisini, jirani akaja kuuliza nani kaposwa.

Siku ya harusi shangazi alisimama na kanga mpya na miwani puani. Alisoma kwa madaha, na kwenye kila nafasi wanawake wakapenyeza vigelegele vyao. Ubeti wa mwisho akatoa nusu ya kwanza, akanyamaza.

Kuna kilichomezwa tena! Nikachungulia nakala yangu ya shairi: nafasi ipo, na nusu ya pili ipo. Nilipoinua uso, shangazi alikuwa ananitazama mimi, kwa jicho lile lile alilokuwa akimtazamia baba.

Nikaisoma nusu ya pili. Nilisoma kwa sauti, wala sikuona haya.

"Ehe," akasema shangazi, akavua miwani. "Nlikuwa nnakungoja wewe."