Pikap ya Tongaren na Injini ya Matulo

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu kando kidogo. Shule niliiacha darasa la nne, kwa hivyo msitafute makosa, tafuteni kazi. Kazi yangu ilikuwa pikap. Nilibeba mahindi ya watu kutoka Tongaren hadi Kitale na Bungoma nikiendesha mwenyewe, na kabla ya kuendesha niliijenga upya hiyo gari pamoja na mafundi.

Mwenye pikap wa kwanza alikuwa mume wangu, Mzee. Ilikuwa ya petroli, na injini ilikuwa na kikohozi. Ikipanda kilima cha kanisani inakohoa, inanyamaza, inakohoa tena, nami jikoni nabandika maji ya ugali. Mzee akifika kwa geti, maji yanachemka. Hatukuwahi kuzungumza juu ya hilo jambo, lilikuwa hivyo tu.

Alipokufa, pikap ilisimama nyuma ya stoo mpaka kuku wakaanza kutagia ndani. Kijana wangu Wafula akataka kuita wanunuzi wa vyuma kuukuu. Nikamwambia, "Ukiwaita, waje na mizani ya kunipima na mimi." Nilitaka vitu viwili. Nilitaka kazi ya kunilisha bila kuomba mtu, na nilitaka ile gari ipande tena kilima cha kanisani ikija nyumbani.

Siku ya kwanza ya kazi, trekta ilituvuta hadi Kibomet, pale Kitale, kwa gereji ya mtu tuliyemwita Fomeni. Wazazi wake walikuja Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati kutafuta shamba, yeye akapenda vyuma. Alifungua boneti, akaangalia, akafunga.

"Mama, hii injini imekufa."

"Ifufue. Nataka ile ile, na sauti yake."

"Bloku imepasuka." Bloku ndio mwili wa injini, mahali pistoni zinapanda na kushuka. "Hata ukiiombea, unaombea chuma. Nikutafutie ya dizeli. Itabeba mzigo na haitakunywa sana. Lakini hiyo sauti usahau."

Niliketi juu ya tairi nikafikiria. Sauti haibebi mahindi. Nikamwambia, "Weka dizeli."

Siku hizo ukiacha gari gereji na kwenda nyumbani, unarudi kukuta stata yako inawasha gari ya mwingine. Kwa hivyo nilikodisha chumba hapo Kibomet, na kila asubuhi nilifika kabla ya mafundi. Fomeni hakupenda mtu aliyeketi bure. Alinipa brashi ya waya nisugue kutu kwenye chesi, ile mifupa mirefu ya chini inayobeba gari yote. Nililala chini ya gari na leso kichwani, kutu ikiniangukia machoni.

Fundi mmoja mwenye mdomo akaniinamia, akaniita nyanya kwa lugha yao ya mjini. "Niaje, Shosh? Sugua tu, labda chini kuna gari."

"Na wewe uoge," nikamwambia, "labda chini kuna fundi."

Hata Fomeni alicheka, na hakuwa mtu wa kucheka.

Mchana ulikuwa na kelele, nao uliniridhisha. Jioni ndiyo ilikuwa ndefu. Nilifunga mlango wa kile chumba nikapika ugali wa mtu mmoja. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kusugua chesi, maana mkono umezoea sufuria kubwa. Kila siku ulibaki, na hapakuwa na wa kumpa.

Injini tuliipata kule Matulo, imetolewa kwa gari iliyopinduka. Fomeni hakununua kitu kwa macho. Aliagiza iwashwe pale chini, juu ya matairi, akafungua kifuniko cha oili. Injini iliyochoka inapumulia hapo, moshi unatoka kama wa jikoni. Akaniita.

"Mama, weka mkono hapo juu. Inakusukuma?"

"Haisukumi. Nasikia joto tu."

"Basi iko hai. Tuibebe."

Msifikiri kubadilisha injini ni kuinua moja na kuteremsha nyingine. Maunti, yaani vishikio vinavyoilaza injini kwa chesi, hazikulingana. Zilikatwa na kuchomelewa upya. Gaboksi ya zamani, lile sanduku la gia, haikukubali, ikabidi tutumie ya injini mpya, nayo ilikuwa ndefu, kwa hivyo propela shafti, ule mtaimbo unaozungusha magurudumu ya nyuma, ukafupishwa. Dizeli ni nzito, springi za mbele zikaongezwa bamba. Gari ikipigwa rangi, mimi nilienda kutafuta leseni na kubadilisha namba ya injini kwenye kitabu cha gari. Kuendesha, Mzee alikuwa amenifunza zamani, shambani, mahindi yakishavunwa.

Siku ya kuichukua, Fomeni alinionya mara ya mwisho. "Dizeli haiwaki kwa cheche, inawaka kwa kubanwa. Asubuhi ya baridi geuza ufunguo nusu, ngoja taa ndogo izime, ndio upige stata. Usiwe na haraka. Wenye haraka ndio wamenijengea nyumba."

Nilifika kilima cha kanisani jioni. Pikap ilipanda bila kukohoa hata mara moja, ikigonga kama mtu anayepasua kuni. Geti lilikuwa limefungwa. Nikapiga honi. Mbwa wetu mwenyewe akanibwekea. Ndipo Nanjala, mke wa Wafula, akachungulia.

"Kumbe ni Mama? Tulidhani ni gari ya watu."

Walikuwa wamekula. Meko ilikuwa majivu. Nilibandika maji mwenyewe. Mimi si mwoga wa kuamrisha, lakini kumwambia mtu aketi akisikiliza kama ninakuja, hilo niliona haya.

Miaka yote ya kazi iliendelea hivyo. Nilizoeana na wakubwa wa maghala. Stoo Kipa mmoja wa Bungoma alinifokea mara ya kwanza, "Mama, dereva wako yuko wapi? Asogeze gari."

"Unaongea naye," nikamwambia.

Baadaye alikuwa ananiwekea nafasi karibu na mlango. Lakini jioni nilipanda kilima, nikashuka nikafungua geti, nikabandika maji.

Macho yalipoanza kuona barabara mbili, niliacha. Wafula alikuwa amekwenda mbali kutafuta kazi, na Nanjala ndiye aliyechukua ufunguo. Nilimfunza kungoja ile taa ndogo izime.

Siku yake ya kwanza kwenda Bungoma peke yake, niliketi jikoni. Watoto wake walikuwa wanacheza uani. Jua likishuka nikaisikia pikap kanisani, inagonga, inapanda. Ndipo nilipojua kwamba sauti ya hiyo dizeli sikuwahi kuisikia kutoka jikoni. Siku zote nilikuwa ndani yake. Kutoka jikoni inasikika vizuri.

Nikasimama mlangoni nikawaambia, "Acheni hiyo michezo. Mmoja afungue geti, mwingine achochee moto. Mama yenu amefika kanisani. Bandikeni maji."