Mataruma Matatu Yaliyolala

Kila nikifika kwenye lile banda la bati karibu na mdomo wa Ruvuma, nahesabu. Mataruma kumi na tisa yamesimama, matatu yamelala. Nahesabu tena, kana kwamba safari hii jibu litanihurumia.

Taruma ni ubavu wa chombo. Haya yetu ni ya mti wa msaji, yamepinda kidogo, na ndiyo yaliyobaki ya manowari ya mbao iliyokwama kwenye fungu la mchanga zamani za bibi wa bibi zetu. Wazee walisimuliwa kwamba ilikuwa ikifukuza vyombo vya watumwa, ikaingia mtoni ikiwa na hasira nyingi kuliko maji. Bahari ikaivunja, kijiji kikabeba mbao. Watu wa huku hawaachi msaji uoze. Mataruma yakawa vizingiti vya juu vya milango, vichwa vyake viwili, yaani ncha zake, vikazikwa ndani ya kuta za udongo. Nyumba ikichoka, taruma linahamia nyumba mpya. Ndiyo maana milango ya kijiji kile ilikuwa na nyusi.

Mtaalamu wa mambo ya kale alipokuja kutoka Dar es Salaam, mkutano ulikubali kila nyumba itoe taruma lake ili upande mmoja wa manowari usimamishwe, watoto wauone. Wa kuyabeba na kuyatunza nikachaguliwa mimi, kwa kuwa nauza mbao chakavu Mtwara mjini, na kwa kuwa nilijipendekeza.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mama mmoja mjane. Alisimama mlangoni, mkono juu ya taruma.

"Wewe mtu wa mjini, hili si la kuuza."

"Mama, siuzi. Nabeba tu."

"Mfanyabiashara abebe bila kuuza? Basi na paka achunge dagaa."

"Wahesabu kabla, mama. Uwahesabu na baada."

"Paka wako atarudisha hesabu kamili, vichwa havipo." Akacheka, kisha akaacha. "Marehemu mume wangu alilihamisha hili nyumba tatu, kwa bega lake. Nataka nije nilione limesimama. Umenisikia? Limesimama."

Nikamwahidi. Nikaondoka na mataruma ishirini na mawili, niliyahesabu wakati wa kupakia na wakati wa kushusha.

Sasa, sisi wa mbao chakavu tuna desturi: mti haumfikii mteja kabla haujakatwa vichwa. Kichwa ndicho chenye udongo, mchwa na nyufa. Ukikikata, mti unaonekana umenawa uso. Wageni walikuwa wanakuja, na mimi sipendi kuaibika mbele ya wageni. Nikashika msumeno. Vichwa arobaini na vinne. Niliona alama za patasi, mikato miwili hapa, mitano kule. Nikasema moyoni, huyu alitaka kupasua kuni akachoka. Vipande vyote nikampa jirani yangu anayekaanga mihogo barabarani. Mihogo ya wiki ile ilisifiwa sana.

Mtaalamu akafika uani kwangu. Yule mama naye alikuja na gari la asubuhi, akaketi juu ya gogo, amevaa kanga mpya. Mtaalamu akachuchumaa penye taruma la kwanza, la pili, la tatu.

"Vichwa viko wapi?"

"Vichwa?"

"Mafundi walikuwa wanachonga namba ya kila taruma kichwani. Bila namba sijui lipi linafuata lipi. Hapa nina rundo la miti tu, bwana. Nani kakata?"

Ulimi wangu umezoea kutoa bei kabla mteja hajamaliza swali. "Wenyewe kijijini, mtaalamu. Unajua tena. Wanapunguza ili lienee mlangoni."

Akatikisa kichwa. "Watu wanalala chini ya hazina, hawajui."

Yule mama alitazama unga wa mbao miguuni pangu. Kisha akamgeukia mtaalamu, akasema taratibu, "Ndiyo, mwanangu. Sisi hatukusoma."

Akafunga kanga yake, akaondoka.

Siku tatu nilikula bila ladha. Siku ya nne nikamfuata mtaalamu nyumba ya wageni, nikamwambia niliyekata ni mimi, kijiji hakina kosa. Nilijiandaa kutukanwa. Yeye akaruka kutoka kitini.

"Umekata juzi? Basi namba zilikuwepo ukutani! Udongo ukijengwa mbichi unashika chapa. Matundu bado yapo?"

Tukakimbia kijijini. Tuliingiza tochi na vidole nyumba kwa nyumba, na kweli, udongo ulikuwa umezihifadhi alama kuliko mimi niliyekabidhiwa. Za nyumba kumi na tisa tukazisoma, na kila mwenye nyumba akaja kututambulishia taruma lake. Nyumba mbili zilikuwa zimeziba matundu kwa kuogopa nyoka. Ya tatu ilikuwa ya yule mama mjane. Mlango ulikuwa na mti mpya, na ukuta ulikuwa umesilibwa vizuri, bado una unyevu.

"Mama, ungesubiri kidogo."

"Nisubiri nini? Uliwaambia watu tumekata wenyewe. Nyumba ya wajinga isisilibwe?"

Mbele ya mtaalamu na majirani nikasema, "Nilikata mimi, mama. Nilidanganya."

"Najua. Viatu vyako vilijaa unga."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa kwako. Mgeni hamvui nguo mwenyeji wake."

Siku ya kufungua banda alikuja, na kanga ile ile. Hakuniuliza lipi ni lake. Alilitambua kwa doa jeusi la moshi wa kibatari, akainama, akalifuta vumbi kwa kiganja.

"Limelala," alisema.



Penye hayo matatu pana kibao. Nilimwomba mtaalamu aandike vichwa vilikatwa na muuza mbao. Akanitazama, akaandika kwamba vilipotea. Naye kanisitiri. Basi mgeni akisoma kibao nikiwa pale, namsogelea namsahihisha: havikupotea, vilikaanga mihogo, na niliyevikata ndiye huyu unayemwona. Wengi hucheka, wakidhani natania.